Spika za Masikioni kwa Mtu wa Mazoezi Karatu

Ukiingia duka la simu Karatu mjini ukauliza spika za masikioni za mazoezi, jambo la kwanza utakaloelezwa ni besi. Muuzaji atakuwekea wimbo, atapandisha sauti mpaka mwisho, na besi ikigonga utaona umeshapata. Nakushauri uiache besi iwe swali la mwisho. Kabla yake kuna maswali matatu yatakayoamua kama spika hizo utakuwa bado unazivaa baada ya nusu mwaka, au zitakuwa zimelala kwenye droo pamoja na chaja mbovu. Zitakaa sikioni ukiruka kamba? Zitavumilia jasho lako pamoja na vumbi letu? Na ukishazivaa, utabaki unasikia nini cha mahali ulipo?

Hilo la tatu watu wengi hawaliulizi kabisa, na kwa Karatu na Ngorongoro mimi naliona zito kuliko yote. Mtu anayepiga tizi huku mara nyingi ana maisha mawili ya mazoezi. Ni dereva wa watalii aliyekaa kwenye usukani kutwa, mpishi wa loji, mwalimu, muuguzi, au kijana wa bodaboda. Jioni anaingia jimu kunyanyua vyuma, na siku ya mapumziko anaamka alfajiri kukimbia barabarani kuelekea Rhotia, au kupandisha njia za mashambani zinazokaribia msitu. Spika zinazokufaa ndani ya kuta nne zinaweza kukuponza huko nje. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jiulize utazivaa wapi zaidi.

Tuanze na kukaa sikioni, maana spika inayodondoka haina sifa nyingine ya kuzungumziwa.

Masikio ya watu hayafanani, na hata ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani. Ndiyo maana boksi zuri huja na vipira vya silikoni vya saizi tatu au zaidi. Wengi huacha vile vilivyokuja vimevalishwa, wakahangaika mwaka mzima. Jaribu vyote, na usione ajabu sikio la kulia likitaka kipira kikubwa na la kushoto cha kati. Kipira kikikaa sawasawa utajua mara moja: sauti ya nje inapungua kabla hujawasha muziki, na ukiwasha, besi inajaa yenyewe. Kikiwa kidogo, besi inavujia nje na unabaki na sauti nyembamba ya redio ya zamani. Hapo wengi husema spika mbovu, kumbe ni kipira. Kikiwa kikubwa, baada ya robo saa utasikia sikio linauma kwa ndani.

Jaribio la dukani lisiishie kutikisa kichwa. Zivae, kisha fungua mdomo wazi na ufunge mara kadhaa kama mtu anayepiga mwayo, kwa sababu taya likicheza njia ya sikio nayo hubadilika umbo, na ukiinua kitu kizito utakaza meno na kuyaachia kila mara. Inama ushike vidole vya miguu. Rukaruka. Muuzaji akikuangalia, mwache aangalie. Hela ni yako. Kama muuzaji hataki vipira viguse masikio ya kila mteja, ana haki, na wewe pia una haki ya kuogopa masikio ya watu: beba kitambaa kisafi na spriti kidogo, uvifute mbele yake.

Halafu fikiria mazoezi unayoyafanya hasa. Anayechuchumaa akiwa amebeba chuma begani asinunue zile zenye mkanda mgumu unaozunguka shingo, kwa kuwa chuma kinakalia palepale mkanda ulipo. Anayelala benchi kusukuma chuma asinunue zinazopita nyuma ya kisogo, maana benchi litazisukuma na kuzitoa mahali pake. Hedifoni kubwa za kufunika sikio zima ni tamu kwa kusikiliza ukiwa umekaa, lakini jimu zinateleza ukilala, na sponji yake inanyonya jasho mpaka inanuka. Zenye ndoano inayopanda juu ya sikio ndizo zinazotulia kuliko zote kwa mtu wa kuruka na kukimbia, ila mwenye miwani ajaribu akiwa na miwani yake usoni, kwani miguu ya miwani na ndoano vinagombea nafasi moja.

Dada anayevaa hijabu au kilemba ana hesabu yake. Kitambaa kinasaidia kushikilia spika zisidondoke, lakini kama ni za kugusa kwa kidole, kitambaa kikisogea tu wimbo unasimama au simu inapigwa. Hali hiyohiyo inampata anayefanya kazi juu ukingoni mwa kreta na kuvaa kofia ya sufu asubuhi. Kwa watu hawa, na kwa kila mwenye vidole vya jasho au glavu, chagua zenye kitufe cha kubonyeza chenyewe. Za kugusa zinapendeza dukani. Kidole kikiwa kimelowa haziitiki.

Sasa jasho na vumbi.

Kila atakayekuuzia atakuambia hazipitishi maji. Usibishane naye, geuza boksi utafute herufi IP zikifuatwa na alama mbili. Hicho ni kipimo cha kimataifa, kinachotoka kwenye kiwango kiitwacho IEC 60529. Alama ya kwanza inahusu vumbi na mwisho wake ni 6, yaani vumbi haliingii kabisa. 5 maana yake linaweza kupenya kidogo bila kuharibu kazi. Ya pili inahusu maji: 4 ni maji yanayoruka kutoka upande wowote, 5 ni maji yanayosukumwa kwa bomba, 7 ni kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Ukiona X, kipimo cha upande huo hakikutajwa.

Hapo kwenye X ndipo mnunuzi wa Karatu anatakiwa kutulia. Ushauri wa kawaida unaotolewa duniani ni kwamba IPX4 inamtosha mtu wa jimu. Inamtosha wa London, anayetembea kwenye lami kutoka nyumbani hadi ukumbi wenye kiyoyozi. Sisi kuanzia Juni mpaka Oktoba tunaishi na udongo mwekundu laini unaoingia kwenye kabati lililofungwa. Gari moja la watalii likipita njia ya vumbi, dakika tano baadaye bado hewa haijatulia. Vumbi hilo likikutana na jasho linakuwa tope jembamba, linaziba wavu wa spika, sauti ya upande mmoja inafifia, na watu wanadhani spika imeungua. Kwa hiyo tafuta tarakimu ya kwanza iwepo na iwe 5 au 6. IP55 ni kiwango kizuri cha chini kwa mtu wa huku.

Bei kubwa haikuhakikishii hilo. Galaxy Buds2 Pro za Samsung zina IPX7: maji zinayamudu, juu ya vumbi hazikuahidi chochote. AirPods Pro za toleo la pili zilipotoka mwaka 2022 zilikuwa na IPX4, na mwaka uliofuata, kisanduku cha kuchajia kilipobadilishwa kuwa cha USB-C, zikapewa IP54, yaani vumbi likaingizwa kwenye ahadi. JBL Endurance Peak 3, ambazo ni rahisi kuliko hizo mbili, zina IP68. Ningekuwa nanunua kwa ajili ya jimu na barabara za Karatu, kipimo hicho kingenivuta kuliko jina.

Jambo jingine ambalo maandishi ya boksi hayalisemi: vipimo hivyo hufanywa kwa maji safi. Jasho lina chumvi, na chumvi inakula madini. Kinachokufa kwanza mara nyingi ni vile vidoti vidogo vya shaba vinavyogusana na kisanduku cha kuchajia. Vinaota kutu ya kijani, chaji inagoma upande mmoja, na spika nzima haina kazi tena ingawa ndani ni nzima. Kisanduku chenyewe mara nyingi hakina kinga hata kama spika zinayo, kwa hiyo kuzirudisha spika zikiwa bado zimelowa jasho ni kulipeleka jasho mahali pasipo na ulinzi. Zifute kwanza. Nusu dakika kwa shati kavu inatosha.

Juu ya waya au bila waya, mtazamo wangu ni huu. Za waya zina heshima yake. Hazihitaji chaji, hazipotei upande mmoja, na za elfu chache tu zinatoa sauti safi. Tena kuna faida ambayo watu wa miji mikubwa wameisahau: kwenye simu nyingi, redio ya FM haishiki mpaka uchomeke spika za waya, kwa sababu waya ndio antena. Anayetaka kusikiliza mpira au taarifa ya habari akiwa mazoezini bila kula bando, waya ndio njia yake. Simu nyingi za Tecno, Infinix na itel tunazotumia huku bado zina tundu la duara la kuchomeka. Ya kwako kama haina, utahitaji kiunganishi cha USB-C, na hapo hesabu inabadilika.

Tatizo la waya ni vyuma. Ukishusha chuma kizito pembeni ya paja, waya unanaswa, simu inaruka. Ukikimbia, waya ukigonga shati unapeleka kishindo sikioni kwa kila hatua. Dawa ni kupitisha waya ndani ya fulana, uzungushe juu ya sikio kabla ya kuingiza spika, na ubane kwa kile kibanio kidogo kifuani. Ukifanya hivyo unaweza kukimbia na spika za bei ya chini na ukafurahi. Lakini kwa anayenyanyua vyuma kila jioni, Bluetooth ni salama zaidi, na sasa bei zake zimeshuka. Oraimo, ambao ni ndugu wa Tecno na itel kwa kuwa wote wako chini ya kampuni ya Transsion ya Shenzhen, wamejaa kwenye maduka yetu kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida anaifikia.

Ukiona Bluetooth inakatakata, usikimbilie kuilaumu spika. Mawimbi yake hayapendi kupita kwenye mwili wa mtu, ambao kwa sehemu kubwa ni maji. Hamisha simu kutoka mfuko wa nyuma uipeleke mfuko wa mbele au mkononi, upande wa ile spika inayopokea, na mara nyingi mchezo unaishia hapo.

Ndani ya jimu kuna kelele, na kelele hizo ndizo zinazoharibu masikio ya vijana wetu kuliko wanavyojua. Ukumbi una spika yake kubwa inapiga Bongo Fleva au singeli, vyuma vinagonga sakafu, mtu anahesabia mwenzake kwa sauti. Wewe unataka muziki wako, kwa hiyo unapandisha sauti mpaka ushinde wa ukumbini. Sikio halijui kwamba hayo ni mazoezi. Linapokea kishindo cha pili juu ya cha kwanza.

Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka hivi: desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na ukipanda hadi desibeli 90, saa zinabaki 4 tu kwa wiki nzima. Soma tena hizo namba. Anayefanya mazoezi saa moja kila siku kwa sauti ya desibeli 90 amemaliza posho yake ya wiki kufikia siku ya nne, na bado hajasikiliza kitu kwenye gari wala nyumbani. Chembe za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Kwa kijana anayejipatia riziki kwa kuongoza watalii, anayetakiwa kutambua sauti ya ndege kabla hajamwona, hasara hiyo ni ya kazi pia.

Ndiyo sababu kwa matumizi ya ndani nasisitiza spika za vipira zinazoziba vizuri. Zikizuia kelele ya nje, utasikiliza kwa sauti ya chini na utasikia kila kitu. Zenye teknolojia ya kuzima kelele, ambazo hutumia maikrofoni kunasa sauti ya nje na kutoa sauti ya kuipinga, zinafanya hivyo vizuri zaidi hasa kwa mngurumo wa jenereta na mashine ya kukimbilia. Kishindo cha ghafla cha chuma bado kitapenya, na ni vema kipenye. Kipimo rahisi ni kubaki chini ya asilimia 60 ya sauti ya simu. Simu nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo cha sauti kwenye mipangilio. Kiweke ukiwa umetulia nyumbani, kwa sababu katikati ya seti ya mwisho mkono wako hautakuwa na hekima hiyo. Ukitoka jimu ukasikia mlio mwembamba masikioni, sauti ilikuwa kubwa mno. Mlio ukiendelea siku ya pili, mwone daktari, naye akiona haja atakupeleka kwa mtaalamu wa masikio, pua na koo, kama wale wa KCMC Moshi.

Nje ya jimu mambo yanageuka. Kile kile kilichokuwa sifa, yaani kuziba sikio, kinakuwa hatari.

Barabara ya lami inayotoka Makuyuni kupitia Mto wa Mbu na Karatu mpaka lango la Lodoare ni njia ya magari ya watalii, malori, mabasi na bodaboda. Alfajiri magari ya watalii yanakimbizana na muda wa kufunguliwa lango. Ukikimbia pembeni ukiwa umeziba masikio yote mawili, honi ya mtu anayekupita nyuma itakufikia kama kitu cha mbali, na kwenye kona za kupanda hilo halikusaidii. Kimbia upande wa kulia ukiangalia magari yanayokuja, na acha sikio moja wazi. Spika nyingi za Bluetooth zinaruhusu kutumia upande mmoja peke yake. Hakikisha zako zinaruhusu, jaribu dukani kwa kuacha upande mmoja ndani ya kisanduku uone kama mwingine unaendelea kupiga.

Ukiwa mkimbiaji wa kila wiki, fikiria spika za kuacha sikio wazi. Ziko za aina mbili. Moja inaning'inia juu ya sikio na kurushia sauti kwenye tundu bila kuliziba. Ya pili inakaa kwenye mfupa wa shavu mbele ya sikio na kupitisha mtetemo kwenye mfupa. Kampuni ya Shokz ndiyo iliyojulikana zaidi kwa hizi, na OpenRun yao ina IP67, kwa hiyo vumbi na mvua ya masika vyote vimo. Besi yake ni ndogo, na ndani ya jimu yenye kelele hutasikia kitu. Lakini barabarani unasikia wimbo, unasikia pikipiki, unasikia mtu akikusalimia.

Kwa kuwa hizi za mfupa zinaigwa sana, chukua jaribio hili ukaliweke akilini. Zivae, washa muziki, kisha ziba masikio yako yote mawili kwa vidole. Zikiwa za mfupa kweli, sauti itaongezeka na besi itajaa, kwa sababu mtetemo uliokuwa ukitokea kwenye tundu la sikio sasa umefungiwa ndani. Zikiwa spika za kawaida zilizovalishwa umbo hilo, sauti itapungua kama unavyotarajia. Hakuna muuzaji anayeweza kulizunguka jaribio hilo.

Kwa Ngorongoro yenyewe sina ushauri wa aina ya spika, nina ushauri wa kuziacha. Ukingo wa kreta uko karibu mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, ukungu unashuka mpaka huoni mita ishirini mbele, na nyati na tembo wanapita karibu na loji na nyumba za wafanyakazi. Ndani ya Hifadhi matembezi ya miguu ya wageni yanafanyika na askari mwenye silaha, si kwa mapambo. Wenyeji na wafanyakazi wanaotoka kwenye nyumba zao kwenda kazini kabla ya jua wanategemea masikio: tawi linalovunjika, pumzi nzito kichakani, ndege wanaonyamaza au kupiga kelele ghafla. Nyati aliye peke yake hakupi nafasi ya pili ya kutoa spika. Hali ni ileile kwenye vijiji vinavyopakana na msitu upande wa Karatu, kama Tloma na Oldeani, ambako tembo hushuka mashambani. Ukifanya mazoezi maeneo hayo, yafanye ndani ya uzio, na hata humo acha sikio moja wazi jua linapozama. Maikrofoni ya kupitisha sauti ya nje, ambayo spika nyingi za bei ya kati zinayo sasa, ni msaada barabarani mchana. Msituni usiitegemee, kwa kuwa upepo ukivuma inajaa mvumo mtupu na haikuonyeshi sauti imetoka upande gani.

Anayejiandaa kwa mashindano, iwe Ngorongoro Marathon au mbio nyingine yoyote, ajizoeze pia bila muziki. Kanuni za World Athletics zinahesabu vifaa vya muziki na simu ndani ya eneo la mashindano kuwa msaada usioruhusiwa, na waandaaji wa mbio za barabarani nao wana masharti yao, kwa hiyo soma kanuni za mbio unayojiandikisha. Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu, alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 pale Christchurch tarehe 2 Februari 1974 kwa kuongoza mbele tangu mwanzo, miaka mitano kabla Sony hawajatoa Walkman ya kwanza mwaka 1979. Anayekimbia mbele namna hiyo anahitaji kuisikia miguu inayomfuata na pumzi yake mwenyewe, na mambo hayo mawili hujifunzi ukiwa na wimbo sikioni kila siku.

Sisemi muziki hausaidii. Unasaidia sana. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ameutafiti kwa miaka mingi, na kinachojirudia katika kazi za uwanja huo ni kwamba muziki unaofaa hupunguza jinsi mtu anavyouhisi ugumu wa zoezi, hasa la kiwango cha kati. Mwaka 1998, Haile Gebrselassie wa Ethiopia aliposhika rekodi ya mita 2,000 za ndani huko Birmingham, wimbo wa Scatman ulikuwa ukipigwa ukumbini, naye akaenda na mapigo yake. Kwa mazoezi ya kawaida, nyimbo zenye mapigo kati ya 120 na 140 kwa dakika zinawafaa wengi. Singeli inapita hapo kwa mbali, inazidi 200. Iweke kwa dakika za mwisho za kuruka kamba, maana ukianza nayo utachoka kabla hujapasha mwili.

Betri nitaisema kwa ufupi. Saa tano au sita za spika zenyewe zinatosha mazoezi ya mtu yeyote, na kisanduku kikiongeza mara tatu ya hizo, hata umeme ukikatika siku mbili hutakwama. Chaji ya haraka, ile ya dakika kumi inayokupa saa nzima au zaidi, ina thamani kwa anayegundua jioni kwamba alisahau. Anayeishi juu ukingoni ajue kuwa baridi inapunguza nguvu ya betri za lithiamu. Aweke kisanduku mfukoni karibu na mwili, asikiache kwenye gari usiku kucha. Aina za usimbaji wa sauti, zile SBC na AAC na aptX zinazoandikwa kwenye boksi kwa herufi kubwa, usizilipie hela ya ziada kwa ajili ya jimu. Ukiwa unahema, hutazitofautisha.

Maikrofoni ya simu, hata hivyo, ijaribu kama kazi yako inakutaka upokee simu muda wowote, na waongoza watalii wengi wako hivyo. Toka nje ya duka, simama kando ya barabara, mpigie mtu umuulize anakusikiaje. Ndani ya duka kila maikrofoni ni nzuri.

Tumefika kwenye kununua. Feki zimejaa, na AirPods ndizo zinazoigwa kuliko zote. Kwamba kidirisha kimeruka kwenye iPhone ulipofungua kisanduku si ushahidi, kwa sababu za kuiga nazo zinarusha kidirisha. Simu yenye iOS 16 au zaidi inaweza kutoa onyo kwamba haikuweza kuzithibitisha, na onyo hilo usilipuuze. Namba ya utambulisho kwenye boksi nayo hunakiliwa. Ishara inayoaminika zaidi ni bei: kitu cha laki kadhaa hakiuzwi elfu thelathini na mtu anayejua anachouza. Ukiwa na elfu thelathini, nunua spika halisi ya kampuni ya bei nafuu, yenye jina lake mwenyewe na namba ya IP kwenye boksi, na uachane na jina la kuazima.

Za mitumba, kwangu, hapana. Betri ndani ya spika ndogo haibadilishwi na fundi, ilishaanza kuchoka kwa mwenye nazo wa kwanza, na wavu una nta ya sikio la mtu.

Dai risiti ya EFD. Ni haki yako na ni sheria, na ndiyo itakayokubeba ukirudi na spika iliyokufa upande mmoja ndani ya dhamana. Andika kwenye risiti au mwambie muuzaji aandike muda wa dhamana na kama anabadilisha au anatengeneza. Ukiuziwa bidhaa bandia, Tume ya Ushindani, yaani FCC, ndiyo yenye kazi ya kushughulikia hayo chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, na bila risiti utakuwa na maneno matupu.

Ukishazileta nyumbani, zipe utaratibu. Kila baada ya mazoezi zifute kwa kitambaa kikavu, vua vipira mara moja kwa wiki uvioshe kwa maji na sabuni kidogo, viache vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Wavu ukiziba, shika spika ukiuelekeza chini na usugue taratibu kwa mswaki laini mkavu, ili uchafu udondoke usizame. Vile vidoti vya shaba vipitie kwa pamba yenye tone la spriti kila mwisho wa mwezi, spika na kisanduku pia. Usichomeke pini wala njiti ya kiberiti. Masikio nayo yapumzishe: tundu lililozibwa likiwa na jasho ni mahali fangasi na bakteria wanapopapenda, kwa hiyo baada ya kuoga yakaushe kwa ncha ya taulo na kaa angalau saa moja bila kuziba kitu. Na za kwako usimwazime mtu, hata rafiki wa seti moja. Mwambie anunue vipira vyake.

Kiangazi kikikolea, spika zisikae wazi kwenye dashibodi ya gari wala kwenye mfuko wa suruali uliojaa mchanga wa barabarani. Kifuko kidogo cha kitambaa chenye kamba ya kukazia, ambacho fundi cherehani yeyote anakushonea kutokana na kipande kilichobaki, kitazilinda na vumbi zikiwa ndani ya kisanduku chake, na kitakupa mahali pa kuweka vile vipira vya akiba ambavyo watu wote huvitupa pamoja na boksi.